Njia ya Baiskeli ya Kaimuri

Vijana wa idara ya barabara, siku mliponiaga kwa keki na hotuba mlinitaka niandike kidogo kuhusu kazi yetu ilivyokuwa kabla yenu. Jinsi nilivyopanda cheo sitaandika. Nilipanda polepole kama lori la mawe, na hakuna mtu aliyepata elimu kwa kulitazama lori la mawe likipanda mlima. Nitaandika juu ya njia ya baiskeli, ile inayoteremka kutoka sokoni hadi hospitalini kando ya barabara kuu. Mnaifagia kila juma na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza ilitoka wapi.

Nilikuja mjini Meru kutoka Siakago, kule Mbeere, msichana aliyemaliza shule na asiyejua kazi yoyote isipokuwa kuchota maji mbali na kupalilia ndengu. Zilikuwa enzi za maziwa ya bure shuleni. Ofisi ilikuwa inatafuta mtu wa kushika ncha ya pili ya utepe wa kupimia, na nadhani walinichukua kwa sababu hakuna mwanaume aliyetaka kuitwa mshika ncha. Siku ya kwanza nilipewa buti za mpira zilizokuwa kubwa hata nikazijaza magazeti. Kikundi kizima kikacheka.

"Huyu ni wa Mbeere," mmoja wao akasema. "Kwao hakuna lami. Wewe msichana, lami umewahi kuona wapi?"

"Kwa kitabu," nikamjibu. "Ilikuwa na mashimo machache kuliko yenu."

Aliyecheka zaidi kwa jibu hilo alikuwa msimamizi wetu, Mzee M'Imanyara. Alikuwa mfupi, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka, na alikuwa ametengeneza barabara za Meru tangu miaka ile bendera yetu ingali mpya. Kutoka siku hiyo aliniita Mumbere, yaani mtu wa Mbeere, na alinifundisha kila kitu ninachokijua.

Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kukagua barabara wakati wa mvua. Wengine walipokimbilia kibandani, yeye alitoka na mwavuli wake uliopinda na kuniambia nimfuate. "Barabara ikikauka inadanganya," alikuwa akisema. "Ngoja inyeshewe ndio itakwambia ukweli." Tulisimama tukatazama maji yanakimbilia wapi, yanatuama wapi, yanakula ukingo wapi. Halafu alinionyesha vijia vyembamba ambavyo watu walikuwa wamevikanyaga kwenye nyasi kando ya lami. "Hao watu wameshachora," akasema. "Sisi tunafuata tu na jembe." Vyombo vyetu vilikuwa jembe, sululu, fyekeo, toroli, kamba na pimamaji moja ambayo mzee aliifunga kwenye kitambaa na kuibeba mwenyewe, kwa kuwa hakumwamini mtu yeyote nayo, na mimi hakuniamini hadi mwaka wa tatu.

Siku hizo lami ya kuteremka kutoka sokoni ilikuwa nyembamba, na kingo zake zilikuwa zimeliwa na mvua. Baiskeli zilikuwa nyingi kuliko magari. Zilibeba mitungi ya maziwa, magunia ya viazi kutoka Kibirichia, walimu, mabawabu, hata wagonjwa waliokalishwa nyuma na kushikwa mgongo. Lakini alfajiri pikapu za miraa kutoka Maua zilipita hapo kwenda Nairobi, na dereva wa miraa hana breki, ana saa tu. Mwendesha baiskeli aliyezisikia zikija alitakiwa aruke mtaroni na mzigo wake. Wengi waliruka.

Mutwiri hakuwahi. Alikuwa muuza maziwa, mtu wa kanisa, mwenye shamba dogo la migomba pale kwenye kona kali, na pikapu ilimkuta mbele ya nyumba yake mwenyewe, upande wake wa barabara. Sisi ndio tulioitwa kufagia vioo na kumwaga mchanga juu ya lami. Maziwa yalikuwa yametiririka hadi kwenye mtaro wetu. Mimi nililia, na Mzee M'Imanyara hakunikataza.

Baada ya mazishi mzee alikwenda kumwona mjane, Kaimuri, nami nikamfuata. Hakwenda kuomba kitu. Alikwenda kusema pole na kumweleza kwamba ofisi ingependa kupanua ukingo wa ile kona ili baiskeli zipate pa kupita, ila ardhi ni yake na hakuna atakayeigusa. Kaimuri alikuwa kijana bado, mrefu, na hakutuangalia alipoongea.

"Mzee, mimi nitawapa," akasema. "Chukueni mstari kutoka hapa kwa geti mpaka kwa yule mgomba wa mwisho. Lakini ni ya kukanyaga pedeli na ya miguu. Gari isiingie hapo. Gari ilishachukua yake kwangu."

Makao makuu yangeandika yalivyotaka, lakini mzee alijua kwamba neno la namna hiyo kwetu huku halisimami bila mbuzi. Mkipeana ardhi, au mkiweka mpaka, mbuzi huchinjwa pale pale, na wanaokula nyama hiyo ndio mashahidi. Si kwa sababu waliona. Walioona ni wengi. Aliyekula amelibeba lile neno tumboni, na siku likiulizwa hana ruhusa ya kunyamaza, hata anayeuliza awe nani.

Kaimuri alitoa mbuzi dume mweusi. Wazee wa ukoo wa Mutwiri wakaja, wakakaa kwenye nyasi, nyama ikachomwa. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na utepe wangu, mwanamke, tena mgeni kutoka Mbeere, nikijua vizuri kwamba jambo lile halinihusu. Mzee M'Imanyara akakata kipande cha mbavu akaninyooshea.

"Kula," akasema.

Wazee wakanung'unika. Mmoja akasema, "Huyu ni mtoto, na ni msichana."

"Na ndiyo maana," mzee akajibu. "Sisi tutakufa wa kwanza."

Kaimuri akasema, "Acheni ale. Nataka mwanamke mmoja awe ndani." Nikala. Kusema kweli nilidhani wananionea huruma kwa jinsi nilivyokuwa nimekonda. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba siku hiyo nilipewa kazi, na kwamba ile nyingine ya utepe ilikuwa kibarua tu.

Tulijenga njia ile kwa mikono. Tulianza na kona ya Kaimuri, na majirani walipoona mjane ametoa, wakaona haya, nao wakatoa vipande vyao juu na chini. Tuliiinua shibiri moja kutoka kwenye lami, tukaweka kingo za zege ili magari yasipande, tukachimba mtaro upande wa ndani kama mzee alivyotaka. Siku ya kwanza ya mvua kubwa tulisimama naye chini ya ule mwavuli uliopinda tukaona maji yanashuka mtaroni bila kuigusa njia. Baiskeli zikapita mbele yetu zikilia kengele. Mzee alivua kofia, akaikamua, akaivaa tena.

Kujenga ni harusi, vijana, kutunza ndiyo ndoa. Njia ya baiskeli ina maadui ambao hawafundishwi chuoni. Matatu hupanda juu yake kungoja abiria. Mjenzi humwaga mchanga akasema ni wa leo tu, na leo yake ina miezi. Kanisa huweka hema la mkutano wa injili, na ukiliondoa unaombewa kwa jina. Kingo za zege huibiwa zikawa mafiga. Nimewahi kunywa chai nzuri sana nyumbani kwa watu huku nikiitazama mali ya serikali ikishikilia sufuria. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi niliziba ufa huo kila juma, kwa miguu, kutoka juu hadi chini.

Kisa kilichonisumbua zaidi kilikuwa cha mama mmoja aliyekuwa akianika maharagwe njiani kila msimu. Nilimwonya, nikamwonya tena, mwishowe nikamuuliza kwa hasira kama haoni kwamba baiskeli zinapita juu ya chakula chake.

"Naona sana," akaniambia. "Zikipita zinanisaidia kupura."

Nilirudi ofisini sina la kuandika. Tukakubaliana aanike upande wa mtaro pekee, na hadi leo anaanika hapo, yeye sasa na wakwe zake.

Mzee M'Imanyara alistaafu, akaniachia pimamaji, na miaka michache baadaye tukamzika kwao. Wazee waliokula nyama pale kwa Kaimuri wakamfuata, mmoja mmoja. Mimi nikaolewa, nikawa Mama Nyaga, nikawa mkaguzi. Pikipiki zikaja, na bado baiskeli hazikwisha, kwa sababu mtu asiye na pesa ya petroli hana njia nyingine ya kufikisha gunia sokoni. Nikaanza kuhesabu mwaka wangu wa mwisho kazini kwa utulivu.

Ndipo ikaja barabara mpya.

Wengi wenu mlikuwepo, lakini mlikuwa wageni na mliona tu ramani nzuri ukutani. Barabara pana ya njia nne ingepita katikati ya mji, ikishuka mle mle kwenye mteremko wetu. Aliyeleta michoro ofisini alikuwa Injinia Kirimi, kijana wa hapa hapa Meru, mpole, anayejua kazi yake; mwaka wa kwanza wa kazi yake alikuwa chini yangu. Nilifuata mstari kwa kidole hadi kwenye kona ya Kaimuri.

"Kirimi mwanangu, njia ya baiskeli iko wapi hapa?"

"Haiko, Mama Nyaga. Nafasi haitoshi. Baiskeli zitatumia njia za ndani, kule nyuma."

"Kule nyuma ni korongo."

"Najua." Akakunja karatasi. "Mimi nimechora nilichoambiwa kuchora. Na usisahau wenye malori nao wana haki. Hapo mjini wanalala kwa jam ya magari, mizigo inaoza."

Hilo lilikuwa kweli, na sikumbishia. Barabara ile iliyokuwepo ilikuwa imezidiwa, kila mtu aliona. Nilichouliza ni kwa nini lazima ipite juu ya ardhi iliyotolewa kwa sharti. Mkuu wa idara akanijibu kwamba kumbukumbu zote zinaonyesha ni ardhi ya barabara, na hakuna sharti lililoandikwa popote. Halafu akasema kwamba siku ya mkutano wa wananchi sisi wafanyakazi tutakaa meza ya mbele, na kwamba meza ya mbele haina maoni.

"Umebakisha miezi tu, Mama Nyaga," akaongeza. Alilisema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa kanisa, nao ukajaa. Wenye miradi wana utaratibu wao: chakula kwanza, maswali baadaye, kwa kuwa mwenye shibe hana kelele. Wapishi waliovaa vitambaa vyeupe wakapita na sahani za pilau na nyama, soda juu yake, safu kwa safu. Msemaji wa mradi, mtu wa Nairobi, akatukaribisha kwa mikono miwili. Akasema tule kwa furaha, kwamba leo tunakubaliana kama jamaa moja.

Hakuna aliyekula.

Mwanzo msemaji alidhani wanangoja maombi, akamwomba mchungaji aombe. Mchungaji akaomba. Watu wakasema amina, na mikono ikabaki mapajani. Ukumbi mzima ulinuka pilau, na watu walikuwa wametoka mbali bila kiamsha kinywa, lakini kila mmoja wao alijua kwamba nyama inayoliwa siku ya kuzungumzia ardhi si nyama ya bure. Yule bwana hakuwa na ubaya. Alitaka kutulisha tu, na hakukuwa na mtu wa kwetu aliyemwambia chakula chake kinasema nini.

Mbele yangu palikuwa na sahani. Kulia kwangu mkuu wa idara alikuwa amechukua uma. Kirimi, kushoto, alikuwa ameigusa soda na kuiacha. Nilijua ukumbi wote unaitazama sahani yangu, na nikaisukuma mbele kidogo. Mkuu wa idara akaona. Akaendelea kula, lakini polepole zaidi.

Kaimuri akasimama. Sasa alikuwa nyanya wa wajukuu wengi, ameshika fimbo, na sauti haikuwa imezeeka.

"Mimi nilitoa shamba," akasema. "Nilitoa kwa mdomo wangu, ya baiskeli na ya miguu. Mnasema hamna kitu imeandikwa. Sawa. Mimi sikuandika, mimi nilichinja mbuzi."

Msemaji akamuuliza kwa heshima, "Cucu, nyanya yetu, uko na shahidi?"

Kaimuri akaanza kuita majina. "M'Imanyara." Sauti kutoka nyuma ikajibu, "Alikufa." Akaita mwingine. "Alikufa." Akaendelea, mzee kwa mzee, na kila jina lilijibiwa hivyo. Alipomaliza wanaume akageuka akaniangalia. Hakuita jina langu. Nadhani alitaka kuniachia nafasi ya kukataa.

Niliogopa, vijana. Nataka mlijue hilo, kwa sababu nimesikia mkinisimulia kama shujaa. Niliwaza nyumba yangu ambayo haijapigwa plasta. Niliwaza Mzee M'Imanyara na nikamkasirikia kabisa, yeye amelala huko kwao kwa amani na ameniacha mimi na ule ubavu wake. Mkuu wa idara akanong'ona, "Kaa." Nikasimama hivyo hivyo.

"Mimi nilikula," nikasema. "Nilikuwa mdogo, lakini nilikula. Sharti lilikuwa kwamba gari lisiingie. Mutwiri alikufa pale kwenye kona akiwa upande wake. Niliyaona maziwa yake mtaroni na nilimwaga mchanga mimi mwenyewe. Hiyo ardhi si ya barabara. Ni ya wanaokanyaga pedeli, na aliyewapa yuko hai, ni huyu. Mkitaka kuichukua, muombeni yeye."

Nikakaa. Hakuna aliyepiga makofi. Si jambo la kupigiwa makofi. Kaimuri akainama kidogo kunielekea, akaketi. Kirimi alikuwa ameinamisha uso juu ya michoro yake, na baadaye nilisikia kwamba ni yeye aliyewaandikia wakubwa kwamba mradi ukipita pale utazaa kesi na laana, na kwamba yeye mwenyewe asingetia sahihi.

Miezi yangu iliyobaki niliimalizia kwenye stoo, nikitoa na kupokea sululu. Sikuonewa zaidi ya hapo. Kisha ikatangazwa kwamba barabara kuu haitashuka mjini tena. Itazunguka upande wa juu, nje ya mji. Siku hiyo wauza maziwa walipita mbele ya stoo wakipiga kengele, msururu mrefu, na Kaimuri alinitumia ndizi za kubebwa na watu wawili. Nilistaafu nikiwa na furaha ambayo sikuwahi kuijua. Ningeweza kuishia hapa, nanyi mngeridhika.

Lakini mwezi uliopita mzee mmoja alikuja nyumbani kwangu. Jina lake ni M'Ikiara, mkulima wa viazi kutoka upande wa Kibirichia, na sikuwa nikimfahamu. Aliegemeza baiskeli ukutani, akakaa, akashukuru kwanza.

"Nimekuja na hiyo njia yenu," akasema. "Ni nzuri. Mimi hupita nayo nikileta viazi, miaka mingi. Mungu akubariki."

Nikamwambia amina. Akatazama mikono yake.

"Sasa nataka uje uone kwangu."

Tulipanda siku iliyofuata. Kwake ni juu, baridi, udongo mweusi, viazi vilikuwa vimetoa maua. Vigingi vilikuwa vimepigwa katikati ya shamba, vyenye vitambaa vyekundu, vikitoka kwenye ua wa jirani, vikipita kati ya jiko lake na kaburi la mke wake, vikaingia kwa jirani wa pili. Nilivijua bila kuambiwa. Nimepiga vigingi maisha yangu yote.

"Nilienda kwa ofisi," M'Ikiara akasema. "Wakasema ilikuwa ipite tauni, huko mjini, watu wa tauni wakakataa. Nikauliza ni nani alikataa. Wakanipa jina lako."

"Ni kweli," nikasema.

"Si ubaya. Hiyo ardhi ilikuwa na neno. Hii yangu haina neno, ni yangu tu. Hakuna mtu alikula mbuzi hapa." Akang'oa jani moja la kiazi, akalikunja kwenye vidole. "Lakini wewe ni mtu wa barabara, mama, na wanakusikia. Kule uliwaambia wasipite. Sasa waambie wapite wapi."

Alikuwa anauliza kweli. Aliamini kwamba najua. Nikaangalia juu kuelekea mlimani, nikaangalia chini kuelekea mjini, nikaangalia kulia na kushoto kama nilivyofundishwa, nikitafuta pa kupitisha barabara, na kila mahali macho yangu yalipotua palikuwa shamba la mtu.